Uwanja uliobaki wazi: kisa cha zahanati, kijito na karavati moja huku Ilala

Mtaa wenyewe siutaji jina, mambo ya viwanja hapa mjini mnayajua, watu wakisoma tu kwamba sehemu fulani inajaa maji kesho yake dalali anakupigia kukutukana. Itoshe kusema uko wilaya ya Ilala, kwenye kijito kimojawapo kati ya vile vinavyoteremka kwenda kuingia mto Msimbazi, na watu wa Tabata, Segerea, Vingunguti na Kinyerezi mkisoma mtajiona humu wote hata kama sio kwenu.

Ishu ilianza 2022. Serikali ya mtaa ilikuwa inatafuta pa kujenga zahanati maana wajawazito walikuwa wanapakiwa kwenye bodaboda mpaka kata ya jirani, na sehemu pekee iliyobaki wazi mtaa mzima ni uwanja wa mpira ulioko bondeni, kama mita 150 kwa 90 hivi, upande mmoja kijito, upande wa pili barabara ya mtaa iliyoinuliwa, halafu baada ya barabara nyumba zinaanza kupanda kilima. Kwenye mchoro wa urasimishaji, ule wa kupanga na kupima viwanja vya mtaa, uwanja ule umepakwa rangi ya huduma za jamii. Kikao kikaona kazi imeisha, ardhi ipo, haina mgogoro, hakuna wa kulipwa fidia, tujenge. Ila mtendaji akang'ang'ania kwamba kabla ya kuita fundi tulijue kwanza eneo likoje, maji, udongo, majirani, kila kitu, na hapo sio ile tathmini kubwa ya kupeleka NEMC, baraza la taifa la mazingira, ni kujua tu unakanyaga wapi. Ndo tukaitwa sisi. Watu wanne, wawili tumesoma mambo ya jiografia na ardhi, mmoja fundi bomba, na wa nne kijana wa palepale mtaani aliyewahi kuchora ramani na Ramani Huria, ile kazi iliyoanza 2015 ya wanafunzi wa vyuo na wakazi kuingiza mitaa ya Dar kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni, nyumba kwa nyumba, mtaro kwa mtaro. Huyo kijana alikuja kuwa wa maana kuliko sisi wote, ntafika huko.

Swali letu la kwanza lilikuwa la kijinga kidogo, kwanini hapa pako wazi? Fikiria, mji wa watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, watu wanajenga mpaka kwenye midomo ya makorongo, halafu ekari tatu na ushee zinakaa bila hata kibanda cha chipsi. Sio bure. Wengine kikaoni walisema ni kwa sababu ni eneo la umma, jamani, maeneo ya umma mangapi hapa Dar yameota magorofa?

Tukaenda kwa mzee mmoja anakaa juu ya barabara, amekuwepo tangu kabla ya barabara yenyewe. Shikamoo mzee, marahaba karibuni, tukawekewa mkeka tukakaa. Akasema pale zamani hapakuwa uwanja, palikuwa majaruba ya mpunga, na wenyewe walikuwa wanapaita Mpungani, na mvua zikikolea walikuwa wanashika kambale kwa kikapu. Jina hilo siku hizi halimo kwenye ramani yoyote wala vijana hawalijui. Mi nayaheshimu sana majina ya zamani, angalia Mchikichini pale karibu na Jangwani, mchikichi ni mti wa sehemu yenye unyevunyevu, aliyepaita vile alikuwa ameshafanya tathmini yake bila kompyuta.

Tukarudi kwenye kompyuta sasa. Kuna ile data ya vimo vya karibu dunia nzima iliyopimwa kutoka angani Februari 2000, watu wanaipakua bure wanatengeneza ramani nzuri za rangi, chini bluu juu kahawia, na ripoti nyingi za hapa mjini zimekaa juu ya data hiyo. Shida ni kwamba kila kipande chake ni mita 30 kwa 30, uwanja wetu wenye upana wa mita 90 unapata vipande vitatu tu kwa upana, na kimo chenyewe kinaweza kukosea mita kadhaa, na tena mjini inasoma mapaa ya nyumba na vichwa vya miembe kana kwamba ndo ardhi. Kwa kuangalia bonde zima la Msimbazi kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe mpaka daraja la Selander ni data nzuri tu. Kwa kuamua mlango wa zahanati ukae wapi haifai. Droni hatukuwa na hela ya kukodi. Fundi bomba akatucheka akasema mnahangaika nini, akaleta ule mpira mweupe wa maji wanaopimia levo mafundi, tukanunua mwingine tukaunga, siku mbili tukatembea nao uwanja mzima tukipiga vigingi na kuandika. Ikatoka kwamba kutoka ukingo wa barabara mpaka ukingo wa kijito uwanja unashuka mita 1.1, na katikati kuna kijibonde ambacho ukisimama huwezi kukiona kwa macho, ila vijana wa mpira wanakijua, ndo pale golikipa analalamikia matope kila siku.

Picha za zamani za Google Earth nazo zilitusaidia. Tukiweka picha ya zamani kabisa tuliyoipata juu ya ile mpya tukaona kijito kimehama, kimekula uwanja kama mita 14. Maana yake hapa ni ya kisheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, bahari au ziwa. Sasa mita 60 kutoka wapi? Kutoka ukingo. Ukingo upi, wa mwaka gani? Uwanja una upana wa mita 90, ukitoa 60 unabaki na kipande cha mita 30 kando ya barabara, na ukingo ukiendelea kula kama ulivyokula, zahanati iliyo halali leo inakuwa haramu kabla watoto waliozaliwa humo hawajamaliza shule ya msingi. Na mchoro wa urasimishaji ulikuwa umepimwa wakati wa kiangazi, kijito kikiwa uzi tu wa maji meusi, mpimaji wala hakuwa na sababu ya kukiogopa.

Halafu ikaja kazi niliyoipenda kuliko zote, kutafuta alama za mafuriko kwenye nyumba. Wazo ni rahisi, unaenda nyumba kwa nyumba unauliza maji ya Desemba 2011 yalifika wapi, ya 2018 yalifika wapi, unapima kwa futi kutoka sakafuni, halafu unaunganisha na levo ya mpira upate vyote kwenye kimo kimoja. Wote tunaikumbuka 2011, zaidi ya watu 40 walikufa hapa mjini na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande, hakuna mtu wa bondeni asiyekumbuka alikuwa wapi siku ile. Tukaingia nyumba 23.

Kumbe watu wana sababu zao. Wakati huo habari za mradi wa bonde la Msimbazi zilikuwa zimeshaanza kuzagaa, hela za Benki ya Dunia, kuthaminiwa, kuhamishwa, kwa hiyo ukifika na daftari mtu anajua wewe ndo wale. Anayetaka fidia maji yalifika dirishani, tena anakuonyesha na mkono juu ya kichwa. Anayetaka kuuza nyumba hayakufika hata kizingitini, nyumba mbili tulikuta ukuta umepakwa rangi mpya kuanzia chini mpaka kiunoni na juu rangi ya zamani, yaani mtu anakuuliza mbona mnaangalia sana ukuta wangu. Hapo ndo yule kijana wa mtaani akatuokoa. Akasema msiulize maji yalifika wapi, angalieni soketi. Na kweli bana. Nyumba ambayo maji yameingia kweli kweli mwenye nyumba amehamisha soketi za umeme kutoka chini kuzipeleka juu, na waya umepita nje ya ukuta kwa haraka haraka, na mlangoni kuna kijiukuta cha tofali mbili unakiruka kuingia ndani, na mlango wa mbao chini umeoza umepigiliwa bati, na kabati limekaa juu ya tofali. Vitu hivi hakuna anayeviweka ili amdanganye mpimaji, vinamgharimu. Tukaacha kuuliza tukawa tunaomba maji ya kunywa tu, macho yanafanya kazi. Nyumba 17 zilikuwa na ushahidi wa namna hiyo, na tulipounganisha na levo, alama nyingi zilikaa karibukaribu, na ya juu kabisa ilikuwa mita 1.6 juu ya katikati ya uwanja. Yaani mtu mzima anasimama katikati ya uwanja maji yanamfika mdomoni.

Kwenye udongo sitaki kuwachosha. Tulichimba mashimo sita. Karibu na barabara juu kuna kichanga na kifusi cha zamani, vipande vya vigae na chupa, halafu ukishuka kuelekea kijito unapata mfinyanzi mweusi, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa unaweza kuingiza vidole na masika unavimba, ukiuviringisha mkononi unatoa kamba ndefu haikatiki. Tulimwaga maji kwenye mashimo tukahesabu muda, lile la juu lilinywa maji haraka, lile la chini tulienda kula tukarudi maji yako vilevile yanatuangalia. Msingi wa jengo juu ya udongo wa hivyo ni hela nyingine kabisa, kuta zinapasuka kila msimu. Na mimea ilikuwa inasema hivyohivyo, upande wa chini matete na ndago tu, ndago usizione ni majani, kwa mkulima zile ni taarifa kwamba hapa kuna maji chini.

Maji ya chini yalikuwa mita moja na kidogo, hiyo ni Agosti, kiangazi! Hapo ndo tukaanza kuwaza vyoo. Kilima chote kile ni vyoo vya shimo na visima vifupi, na ule mwongozo wa mita 30 kati ya choo na kisima kwenye viwanja vya mita 15 kwa 20 ni hadithi. Tulipima visima vitano na vile vichupa vinavyogeuka vyeusi maji yakiwa na vimelea vya kinyesi, vinne vikageuka. Wenye visima hawakushangaa sana, walisema maji ya kisima ni ya kufulia tu, ingawa tulipokuwa palepale mtoto akaja akachota kikombe akanywa akaondoka zake. Na jambo ambalo kila mtu wa Dar analijua na hakuna anayeliandika, mvua kubwa ikianza watu wanatapisha vyoo. Wanatoboa shimo, mvua inabeba, inateremka na mtaro mpaka kwenye kijito. Kuvuta kwa gari ni hela na gari lenyewe halipiti kwenye kichochoro. Kwa hiyo kinachokuja uwanjani siku ya mafuriko usidhani ni maji ya mvua. Sasa wewe weka chumba cha kuzalishia pale.

Nikirudi nyuma kidogo, siku ya tatu tulikaa kunywa chai kwa mama mmoja ana genge kwenye kona ya uwanja, upande wa barabara, karibu na karavati linalopitisha maji chini ya barabara. Anauza nyanya, dagaa, mihogo ya kukaanga jioni. Akatuuliza nyie mnapima nini kule kijitoni? Tukamwambia mafuriko. Akacheka. "We kaka, mto ukija huku mimi nimeshaondoka zamani, mimi maji yangu yanatoka hapa," akapiga mguu juu ya karavati. Akasema tangu waweke lami kule juu kila mvua maji yanatoka chini ya barabara kama bomba limepasuka, yanazunguka genge, yanakaa uwanjani siku mbili tatu, na mto wenyewe siku hiyo uko chini hauna habari.

Tukamshukuru, tukaandika. Tuliandika wapi? Kwenye sehemu ya mwisho ya ripoti, kiambatisho, maoni ya wananchi, na. 7. Kwenye ramani hatukuweka kitu. Ramani yetu ilikuwa na mafuriko yanayotoka kijitoni kuja juu, rangi za bluu tatu, nzuri kweli, na karavati lilikuwa kijidoti tu cheusi.

Ripoti ikawa na chaguo tatu. La kwanza kujenga zahanati uwanjani kwenye kile kipande cha mita 30 kando ya barabara, juu ya kifusi kilichoinuliwa. Sisi tulilikataa, kwa sababu kifusi ukikiweka pale hujafuta maji umeyasukuma tu kwa jirani wa ng'ambo ya kijito, na yeye ndo yule aliyehamisha soketi mara mbili. La pili kuacha zahanati kabisa, tuliliandika ili yawe matatu, tusidanganyane. La tatu ndo tulilolipigania, zahanati ipande juu kwenye kiwanja cha ofisi ya mtaa, kiwanja kidogo kibaya cha pembe tatu, jengo liwe la ghorofa moja, bei inapanda, ila udongo ni mzuri, gari la wagonjwa linafika bila kupita bondeni, na uwanja ubaki uwanja. Tuliandika kabisa kwamba uwanja tayari una kazi, unashika maji, na vijana wanacheza chandimu humo siku ambazo haujashika.

Kikao cha kusoma ripoti kilikuwa moto. Mama mmoja alisimama akasema mnatuambia tusubiri zahanati ya ghorofa wakati sisi tunajifungulia kwenye bajaji, na wala hakuwa na makosa, mi sikuwa na jibu zuri la kumpa pale zaidi ya kuangalia karatasi. Mwingine akasema wataalamu mmetumwa na watu wa mradi mtuondoe. Vijana wa mpira walifurahi tu kwamba uwanja haujengwi, walipiga makofi sehemu zote hata zisizohusika. Kilichowageuza wengi sio ramani zetu, ni yule mzee wa Mpungani, alisimama na bakora yake akasema mimi kambale niliwashika palepale mnapotaka kulaza wazazi, akakaa. Julai 2023 ikapitishwa zahanati iende juu.

Uwanjani nako watu walitaka kitu, ikakubaliwa ipandwe miti kando ya barabara, uwekwe mtaro, na choo cha umma kwa ajili ya siku za mechi. Tukaonyesha choo kikae wapi, kona ya juu kabisa, chenye tangi lililojengewa, sio shimo. Akatokea mfadhili mmoja, simtaji, mtu mwenye nia njema tu, akataka choo kionekane na watu wakiwa barabara kuu, kikajengwa palepale karibu na karavati, na ni shimo. Mwenyekiti alinipigia simu kuniuliza ni sawa? Nikasema sio sawa. Akasema basi tayari wameshamwaga zege.

Vuli ya 2023 ikaja na El Niño. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza mapema, redio zote zilisema, watu wakaweka viroba vya mchanga. Siku moja ya mvua nzito nikaenda kuangalia ramani yangu inavyofanya kazi, nimevaa buti, nina simu kwenye mfuko wa nailoni, najisikia daktari kabisa. Nafika naangalia kijitoni. Kijito kimejaa ila kiko ndani ya kingo zake. Nageuka. Uwanja mzima maji. Yanatoka kwenye karavati, meusi, yanatoka kwa nguvu, yamebeba chupa za plastiki na majani ya migomba, na genge la yule mama limeshafungwa kamba limeinuliwa juu ya tofali, yeye mwenyewe amesimama ng'ambo chini ya mwavuli ananiangalia tu. Hakusema kitu. Ningependa angesema.

Usiku ule nikakaa nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwaka mmoja nyuma, hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Milimita 10 za mvua kwenye hekta moja ni lita 100,000. Yule kijana alipotembea kilima akifuata mifereji akapata kwamba eneo linalomwaga maji kwenye karavati lile ni kama hekta 6, na tangu lami iwekwe na watu wamwage zege kwenye nyua zao na kila nyumba ina bati, karibu hakuna pa kunywa maji. Chukua mvua ya milimita 50, ambayo kwa Dar sio ya kutisha, sema asilimia 70 tu inateremka, ni lita milioni mbili na laki moja. Boza la lita elfu kumi, ni maboza 210 yanamwagwa uwanjani kwa masaa machache kupitia tundu moja. Ukiyasambaza uwanja mzima ni sentimita 15 hivi, kifundo cha mguu, ila uwanja una mteremko na kile kijibonde, kwa hiyo huko chini yanafika gotini na hayatoki mpaka yaamue. Mto hauhitajiki kabisa kwenye hesabu hiyo. Ile mafuriko ya mto tuliyoichora kwa rangi tatu inakuja mara moja kwa miaka kadhaa, hii ya karavati inakuja mara tano kwa msimu, na ndo inayomtia mtu hasara ya nyanya, inayomfanya mtoto akose shule, inayobeba vyoo.

Na hizo data zilikuwepo. Mama alitupa chanzo, njia, muda wa kukaa na sababu yake, lami, sentensi tatu, angezisema mhandisi tungemwekea mchoro. Kijana wetu baadae aliniambia kwamba yeye aliliona hilo tangu siku ile ya chai ila aliona sisi ndo tumesoma. Hilo lilinikaa kuliko mafuriko.

Tukarekebisha ripoti, bila malipo maana kosa ni letu. Ramani mpya ina mishale inayotoka juu ya kilima, kila mfereji, kila mahali mtaro umezibwa na mtu aliyejenga ngazi juu yake, na mapendekezo yakahamia huko, kuzibua mtaro kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, kwa tarehe, sio ikibidi, na kuweka kichujio cha nondo kabla ya karavati maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 ila chupa za maji hazikupigwa. Na uwanja uchimbwe kidogo upande wa chini ili maji yakae mahali pamoja badala ya kutanda kote, ikipita siku mbili vijana wacheze upande wa juu.

Masika ya 2024 mnakumbuka ilivyokuwa. Aprili 25 Waziri Mkuu alisema bungeni watu 155 wamekufa nchi nzima, halafu Mei kikaja kimbunga Hidaya. Pale kwetu safari hii vilikuja vyote viwili, karavati kwanza, mto baadae usiku, na maji yalisimama uwanjani karibu wiki. Choo cha mfadhili kilifurika siku ya kwanza. Kule juu zahanati ilikuwa bado msingi tu na nondo zimesimama, na maji hayakufika hata karibu, lakini pia mama wajawazito walikuwa bado wanapanda bajaji, na bajaji zenyewe siku hizo zilikuwa hazipiti.

Kuna kitu kimoja tuliacha pale bila kukipanga. Wakati wa kupima, kijana wetu alichukua rangi ya mafuta akachora mistari kwenye nguzo ya goli la chini, kila sentimita 20, ili tusirudi na mpira kila mara. Vijana wa mpira wakaendeleza wenyewe. Kila mvua kubwa mmoja anapiga picha nguzo anaituma kwenye grupu la mtaa, na mwenyekiti anazihifadhi kwenye simu yake na tarehe. Mpaka sasa ana picha zaidi ya 30. Hakuna taasisi yoyote ninayoijua yenye rekodi ya kijito kile, ni nguzo ya goli tu.

Mwezi uliopita mwenyekiti amenitumia picha nyingine, nikajua ni ya nguzo. Haikuwa nguzo. Ni kifusi, tripu kama tatu hivi za fuso, kimemwagwa usiku kando ya karavati, palepale kwenye kile kipande cha mita 30, na hakuna anayemjua mwenye gari. Mama wa genge anasema lilikuja saa nane usiku, rangi ya gari anaijua, na mtu aliyekuwa anamulika tochi anamjua pia. Safari hii nimemwambia mwenyekiti amwite yule mama kwenye kikao aseme mwenyewe, na iandikwe kwenye muhtasari ukurasa wa kwanza.